Chupa Aliyoiacha Kitahana

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumatano ya tarehe kumi Juni, Jordan hakulishika ziwa. Aline alimwekea chuchu mdomoni mara ya kwanza, akamwekea mara ya pili, kisha akamkamulia maziwa ulimini. Maziwa yalitiririka shavuni yakaishia sikioni. Mtoto alikuwa na miezi tisa na kilo kumi na nusu, na katika miezi hiyo yote hakuwa amekataa kunyonya hata siku moja.

Ilikuwa siku ya tisa tangu Aline atoke kwake Kitahana, kule Kibondo, kuja kwenye matanga ya shangazi yake katika kijiji kilicho jirani na ilipokuwa kambi ya Mtabila. Chumba kilijaa wanawake waliolala kwenye mikeka. Mmoja aliinua kichwa, akamtazama Jordan, akacheka.

"Mwache alale. Mtoto mnene hivyo ana akiba. Hata akila kesho hatapungua."

"Hizo kwaya za usiku kucha zimemchosha," mwingine akasema.

Aline hakucheka. Tangu Jumatatu Jordan alikuwa na kuhara kidogo, kama watoto wengine watatu wa pale matangani. Watoto wanne, sufuria moja ya uji, ugonjwa mmoja. Watatu walikuwa nje wakikimbiza kuku. Wa nne, aliyewashinda wote kwa unene, alikuwa mapajani mwake, mikono imelegea kama nguo iliyotolewa majini. Aline aliliona jambo hilo haliingii akilini, na kwa sababu haliingii akilini, alimwita kaka yake, Melkiadi, awashe pikipiki.

Hospitali ya misheni waliyokwenda ilikuwa nje kidogo ya mji wa Kasulu. Aliyewapokea alikuwa tabibu aitwaye Venanti, mtu mwembamba mwenye desturi ya kutazama saa ya ukutani kabla ya kuandika neno lolote. Alimchoma Jordan kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Sukari ilikuwa moja nukta saba, chini mno. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Alimtundikia dripu ya sukari, na saa mbili na dakika kumi Jordan alifumbua macho, sukari tano nukta moja. Aline akamshukuru Mungu kwa sauti. Saa nne kamili sukari ilikuwa imerudi mbili.

"Inakwenda wapi?" Venanti aliuliza, kama mtu anayemtafuta kuku wake aliyekuwa hapa sasa hivi.

Mama wa kitanda cha pili, ambaye mtoto wake alikuwa mifupa mitupu, alikuwa amemkazia Jordan macho tangu waingie.

"Dada, wewe humlishi uji huu tunaojua sisi. Unampa nini? Nitajie na mimi nimpe wangu."

"Ziwa na uji tu."

"Haya, fichaficha tu. Ndiyo maana watu wamemtupia jicho."

Wodi nzima ilisikia. Aline alivuta kitenge akamfunika mtoto mapaja, kama kwamba unene ule ulikuwa mali ya wizi.

Venanti alikifunua kile kitenge. Aliugeuza uso wa Jordan kwenye mwanga wa dirisha: ulikuwa wa mviringo kamili, mashavu yameimeza pua. Kwenye paji la uso na mashavuni kulikuwa na vinyweleo laini ambavyo Aline alivizoea kiasi cha kutoviona tena. Tumbo lilikuwa kubwa, lakini mikono na miguu ilikuwa myembamba kuliko alivyodhani. Kisha tabibu alimlaza kwenye ubao wa kupimia, akamnyoosha magoti.

"Sentimita sitini na tatu. Kadi inasema alipokuwa na miezi minne alikuwa sitini na moja." Aliitazama kadi tena. "Miezi mitano, sentimita mbili. Mtoto anayeshiba hurefuka pia. Huyu ameongezeka upande mmoja tu."

"Suruali yake ya miezi mitano bado inamfika kwenye kisigino," Aline alisema. "Kiunoni haifungi. Nilijua wameikata vibaya."

Venanti alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu wa kazi moja naye.

"Hilo uliliona lini?"

"Mwezi wa nne."

Akaliandika. "Sasa niambie, mama. Unampaka nini mwilini?"

"Mafuta tu. Ya mise."

Mafuta ya mise hukamuliwa kwenye kokwa ya mchikichi, na Kigoma nzima hakuna mtoto asiyepakwa.

"Nani anayatengeneza?"

"Mabukwe. Mama mkwe wangu."

"Mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Mwili mzima, tangu alipokuwa na miezi mitatu."

"Nionyeshe chupa."

"Iko Kitahana. Sikuja nayo matangani, leo siku ya tisa."

"Siku tisa mtoto hajapakwa? Kwa nini?"

Lilikuwa swali jepesi kwa mtu asiye wa nyumba ile. Kwa Esteri, mama mkwe huyo, kumpaka mjukuu mafuta mpaka atakapotembea ni kazi ya bibi. Mkamwana hushika taulo. Chupa hukaa chumbani kwa bibi, chini ya kitanda. Kuichukua bila kuomba ni wizi, na kuiomba ni kumwambia mabukwe kuwa mikono yako sasa inatosha, ya kwake apumzike. Aline aliiacha kwa adabu. Alihesabu kwamba siku tisa bila mafuta zitamkausha mtoto ngozi, basi.

Alimweleza Venanti kwa kifupi. Tabibu hakucheka. Aliandika "siku ya tisa" na kupiga mstari chini yake, kisha akamwomba sista sindano ambayo haikuwa ya malaria wala ya kuhara.

Saa sita sukari ilikuwa nne nukta sita. Saa nane, nne nukta nane. Saa kumi, nne nukta saba. Dripu haikuwa imeongezwa hata tone.

"Juu ya figo za mtu kuna tezi mbili ndogo, zimekaa kama kofia," Venanti alimweleza jioni ile, akichora nyuma ya bahasha. "Zinatoa kitu ambacho mwili hukitegemea siku ya ugonjwa. Ndicho kinachoshikilia sukari, ndicho kinachoshikilia msukumo wa damu. Wale watoto watatu walihara, tezi zao zikafanya kazi, wakapona. Za Jordan hazikufanya. Nimempa kitu hicho kwa sindano, umeona mwenyewe."

"Kwa nini hazikufanya?"

"Naona sababu mbili. Ya kwanza, amezaliwa hivyo, na atakunywa dawa maisha yake yote. Ya pili, dawa ya aina hiyohiyo imekuwa ikimwingia kutoka nje, kila siku, kupitia ngozi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, inakunywa. Tezi zikaona kazi inafanywa na mwingine, zikalala. Halafu huyo mwingine akaondoka ghafla. Za namna hii huamka, lakini ni kazi ya miezi, kwa kupunguza taratibu."

"Utajuaje ni ipi?"

"Damu nitaipeleka Mwanza, lakini sindano ameshachomwa, majibu yatanieleza nusu tu. Nusu nyingine iko ndani ya chupa."

Aline alimpigia mumewe, Pacifique. Kumpigia mabukwe mwenyewe na kumuuliza umechanganya nini hakukuwezekana, kama kusivyowezekana kumwita kwa jina lake mbele ya watu. Alisikia Pacifique akitembea uani, akasikia pia jirani akitwanga, kisha sauti ya mama mkwe ikitokea mbali.

"Mama anasema ni mise tu," Pacifique alisema.

"Muulize tena."

"Aline, nimhoji mama yangu mara mbili kama mwizi wa mbuzi?"

"Muulize tena, Baba Jordan. Daktari anataka kujua."

Sauti ya Esteri iliingia kwenye simu bila kuisogelea: "Mwambie huyo daktari nimelea sita kwa mise, na mmoja wao ndiye anayeshika hiyo simu!"

Mchi wa jirani ulikuwa umenyamaza. Pacifique akakata.

Alhamisi asubuhi Aline alifanya lile lililokuwa ndani ya uwezo wake. Alimpigia Chantal, rafiki yake wa kwaya, ambaye mwanawe Dadi wa miezi kumi alikuwa akipakwa mafuta yaleyale tangu mwezi wa pili.

"Chantal, yale mafuta ya mabukwe, yamwage."

"Yamwage? Dadi amenawiri hivi, nimwage?"

"Ndiyo huko kunawiri kwenyewe. Yamwage leo, usimpake tena. Na usimwambie mabukwe kuwa ni mimi."

"Yoo! Sasa nikikutana naye kanisani nitamtazamaje?"

"Mtazame kama kawaida."

Baada ya nusu saa Chantal alituma ujumbe: *Nimemwaga kwenye migomba. Migomba nayo inenepe.* Aline alicheka peke yake kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Alihisi kuwa katika wiki ile nzima, hilo ndilo jambo moja lililokuwa limefanyika sawasawa.

Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zilipita kwa kipimo na sindano kila baada ya saa sita. Kila sindano ilipofika Jordan aliitambua na kuanza kupiga mateke, na Venanti aliyahesabu mateke hayo kuwa dalili njema. Lakini kila asubuhi alisimama mbele ya kitanda akauliza lilelile: "Simu imesemaje?" Na Aline akajibu lilelile: "Mise tu." Kwenye karatasi ya Jordan, pale penye sababu ya ugonjwa, palibaki na alama ya kuuliza.

Jumatatu saa tano na dakika ishirini Esteri aliingia wodini. Hakuwa ameitwa. Alikuwa ametoka Kitahana alfajiri, kikapu mkononi, kitambaa cha kanisani kichwani, na alipofika aliamkia vitanda vyote kabla ya kufika cha mjukuu wake. Aline aliinuka, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mabukwe."

"Marahaba, mwana wanje. Nimesikia wanamchoma kila saa sita."

"Ego, mabukwe," Aline akakubali.

Esteri alikaa kwenye benchi, akaushika mguu wa Jordan, akaubonyeza kwa kidole gumba kama anayepima parachichi. Venanti alipokuja, Esteri alitoa chupa kikapuni na kuiweka kitandani.

"Wewe ndiye unayeyauliza mafuta yangu? Haya. Nusa."

Venanti alinusa. "Yananukia mise."

"Ndicho nilichosema."

Tabibu hakubisha. Alivuta kiti, akakaa, akamtazama bibi yule akimpapasa mtoto. Mkono wa gauni ulikuwa umepanda. Aline naye alitazama alipokuwa anatazama Venanti, na akaona kitu ambacho kwa miaka mitatu ya kuishi nyumba moja hakuwahi kukitazama: mkono wa kushoto wa mabukwe, kutoka kiwiko hadi kifundo, ulikuwa na ngozi inayong'aa, nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, na chini yake mabaka ya zambarau. Mkono wa kulia ulikuwa mkono wa kawaida wa mama mkulima wa miaka sitini.

"Mama," Venanti alisema, "mikono hii miwili imezaliwa siku moja. Huu wa kushoto umefanya nini?"

Esteri aliushusha mkono wa gauni. Mama wa kitanda cha pili aliacha kumnywesha mwanawe uji.

"Ndio nilioujaribia," Esteri alisema.

"Ulijaribu nini?"

Alifungua fundo la kitenge kikapuni. Ndani yake mlikuwa na mirija ya krimu iliyokamuliwa ikabaki bapa, imepangwa vizuri kama karata. Venanti aliihesabu: kumi na tisa.

"Alipokuwa na miezi miwili alitoka ukurutu shingoni na kwenye mapaja, unavuja maji. Mama yake alikuwa analia usiku. Nikaenda mnadani, nikanunua mmoja kwa Mkongo mmoja anayeuza vipodozi. Siku tatu, ukurutu hakuna. Nikajiuliza: kinachoponya kwa kupakwa kidogo, kikipakwa kila siku si kitazuia? Lakini mimi si mjinga, sikuanza kumpaka mtoto kila siku kabla ya kujaribu. Nilichanganya na mise, nikajipaka mimi kwanza, mkono huu mmoja, mwezi mzima, ili niweze kulinganisha na huu mwingine. Sikuona ubaya. Ngozi ililainika. Ndipo nikampaka yeye. Na mkono nikauendeleza, ili kama kuna baya lianze kwangu."

Venanti alisoma maandishi madogo kwenye mrija mmoja, akausogeza dirishani, akayasoma tena.

"Hii ni kali kuliko krimu yoyote tunayoiweka hapa kwa watu wazima. Na mirija hii yote umeitunza?"

"Ili muuzaji asinibadilishie. Nikienda namwonyesha."

"Mama, jaribio lako lilikuwa na akili," Venanti alisema bila kupamba. "Kosa lake ni moja. Ulitazama ngozi, na baya halikuwa kwenye ngozi. Wewe mwili wako ni mkubwa na umejipaka mkono mmoja. Yeye ni mdogo na amepakwa wote. Sasa kwa nini ulisema ni mise tu?"

"Mwanangu aliniuliza jirani akiwa amesimama na mchi mkononi." Esteri aliangalia sakafu. "Jirani huyo ana mdomo."

"Mabukwe, mlinificha na mimi," Aline alisema. Lilimtoka kabla hajalipima.

"Hukuniuliza."

Ni kweli, hakuuliza. Wote wawili walijua kwa nini, na hakuna aliyeona haja ya kulieleza.

Venanti alifuta alama ya kuuliza kwenye karatasi, akaandika jina la krimu. Aliwaambia kuwa hiyo ilikuwa habari njema, ingawa haionekani hivyo. Jordan hakuzaliwa na ugonjwa. Atatoka na vidonge, vitapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, tezi zitaamka, na akipata homa kabla hazijaamka, kipimo cha siku hiyo kitaongezwa. Esteri alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaikamata chupa.

"Basi hii nikaimwage."

"Hii naichukua mimi. Nani mwingine anayatumia?"

"Mtoto mmoja tu, wa Chantal. Wengine waliniomba, nikawanyima, krimu ni ghali."

"Mpigieni sasa hivi. Asiyaache ghafla. Aendelee kumpaka kama kawaida na ampeleke hospitali leo, wataanza kumpunguzia. Huyu hapa hakuangushwa na mafuta. Aliangushwa na kuyakosa."

Aline aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Ameyamwaga," alisema.

"Nani?"

"Chantal. Tangu Alhamisi. Ni mimi niliyemwambia."

Siku nne. Venanti alitazama saa ya ukutani: saa sita kasoro dakika nane. Aline alipiga. Simu iliita muda mrefu.

"Aline! Za huko? Jordan anaendeleaje?"

"Dadi yuko wapi?"

"Amelala. Ana mafua tangu jana. Leo amekuwa mpole kweli, nimepata hata nafasi ya kufua."

"Amenyonya?"

"Asubuhi amekataa kidogo, nikasema ni pua imeziba. Kuna nini?"

"Mwamshe."

"Nimwamshe mtoto mgonjwa?"

"Chantal, mwamshe!"

Walisikia ndoo ikiwekwa chini, mlango, kitanda. Walisikia jina la Dadi likiitwa mara moja kwa utani, mara ya pili bila utani, mara ya tatu kwa sauti ambayo Aline aliitambua, kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe ya Jumatano.

"Aline, amelegea."

Venanti aliichukua simu. Alizungumza polepole: sukari iliyoloweshwa, kidogo tu, ndani ya shavu, mtoto alale ubavu, kisha hospitali, Kibondo mjini, bila kupitia dukani wala kwa mchungaji. Aline kwa simu ya mabukwe alimpigia Pacifique, ambaye alikuwa kijiweni na pikipiki yake, dakika tano kutoka kwa Chantal. Hakuuliza kitu safari hii.

Venanti alikuwa akitafuta namba ya mwenzake wa Kibondo. Esteri alimshika kiwiko.

"Mwambie ni mafuta ya Esteri wa Kitahana. Mwambie jina la hiyo krimu na mirija ni mingapi. Akianza kumuuliza Chantal atapoteza muda, Chantal hajui."

"Nitamwambia dawa. Jina lako si lazima, mama."

"Litaje. Pale wananijua. Watajua ni yapi."

Alilitaja. Wodi nzima ilisikia, na mama wa kitanda cha pili hakusema lolote kuhusu jicho.

Kisha palikuwa na kusubiri. Aline alitaka kumwambia mabukwe kitu, lakini kila alichokipata kilikuwa ama kulaumu ama kujitetea, akaviacha vyote viwili. Esteri alisogea kwenye benchi, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja. Aline akahama kutoka kitandani, akaketi hapo. Simu waliiweka katikati yao.

Saa sita na dakika thelathini na tano Pacifique alipiga: wamefika. Saa sita na dakika arobaini tabibu wa Kibondo alimwambia Venanti kuwa sukari ya Dadi ni moja nukta tisa na mshipa umepatikana kwa shida. Sindano ilichomwa saa sita na dakika hamsini. Venanti aliyaandika yote kwenye karatasi tupu, ingawa mtoto huyo hakuwa wa wodi yake. Saa saba na robo: tatu nukta sita. Baada ya hapo simu ilinyamaza dakika hamsini.

Saa nane na dakika tano iliita. Ilikuwa namba ya Chantal. Aline alibonyeza, akaishika katikati ya sikio lake na la mabukwe, wakasogeza vichwa mpaka vitambaa vyao vikagusana. Chantal alikuwa ameiweka simu mdomoni kwa Dadi, na Dadi alikuwa analia.